Kabla ya kuamua ugomvi wa samaki, chomoa plagi

(Haya ni mazungumzo ya juma yaliyosikika redioni. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji wetu.)

Dodoma ni nchi ya ng'ombe, mtama na zabibu. Anayetaka samaki hungoja mzigo utoke Mtera au Hombolo. Lakini tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, nyumba mpya zimeongezeka, na katika baadhi ya sebule utamkuta samaki ambaye hakuletwa kwa ajili ya kikaango. Yumo ndani ya tangi la kioo, taa inamwangazia, na watoto wamekaa kimya wanamtazama.

Hilo ni jambo jema. Tena ni la kujivunia, maana samaki wa mapambo wanaotafutwa sana huko Ulaya, Marekani na Japani wengine wametoka kwetu. Ziwa Tanganyika peke yake lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa perege, na karibu wote hawapatikani kwingineko duniani. Ziwa Nyasa nalo lina wale wadogo wa miambani, wa buluu na manjano, na jina lao la kienyeji, mbuna, sasa linatamkwa na wafugaji wa kila taifa.

Lakini pamoja na urembo huo, msikilizaji, yapo mambo mawili tunayoyasahau. Samaki hawa ni wagomvi, na tangi lao linaendeshwa kwa umeme. Mambo haya mawili yakikutana, mtu anaweza kufa.

Jirani yangu mmoja aliponea chupuchupu. Ilikuwa usiku wa mwezi wa Julai, na sote tunaijua baridi ya Dodoma ya Julai. Hita ya tangi ilikuwa inafanya kazi. Dume mmoja mkubwa alikuwa akimfukuza mwenzake tangu jioni, hadi mnyonge yule akajibanza nyuma ya hita, mapezi yamechanika. Jirani akamwonea huruma. Akatia mkono majini ili amtoe. Kumbe katika purukushani zile hita ilikuwa imegongwa jiweni na kioo chake kimepata ufa. Alirushwa hadi kwenye kochi. Asubuhi aliniambia, "Ndugu yangu, nilidhani yule samaki ameniuma."

Hebu tujiulize: kwa nini samaki walikuwa wanaogelea kama kawaida, lakini mwenye nyumba akarushwa? Samaki yumo majini mwili mzima, naye hagusi ardhi, hivyo umeme hauna sababu kubwa ya kumpitia kwenda kwingine. Mtu aliyesimama peku juu ya sakafu ya saruji, mkono mmoja ukiwa majini, amejigeuza daraja. Umeme unapita mkononi, kifuani, miguuni, hadi ardhini. Kwa hiyo samaki kuwa hai si ushahidi kwamba maji ni salama. Aidha, maji ya visima vyetu yana madini mengi. Samaki wa maziwa yale mawili huyapenda maji ya namna hiyo, lakini madini hayo hayo ndiyo yanayoyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi.

Wengine watasema, "Mimi nina fyuzi." Tufanye hesabu. Umeme wa majumbani kwetu ni volti 230. Hita ya wati 100 hutumia takriban ampea 0.4. Fyuzi ya plagi mara nyingi ni ya ampea 13. Lakini ampea 0.1 tu ikipita kifuani inaweza kuuvuruga moyo hadi ushindwe kusukuma damu. Ni dhahiri basi kwamba fyuzi imewekwa kulinda waya usiungue, haikuwekwa kukulinda wewe. Kinachomlinda mtu ni kile kifaa kinachofungwa kwenye boksi la swichi kuu, ambacho hukata umeme mara kinapohisi ampea 0.03 inavuja. Kina kitufe cha kujaribia. Kibonyeze kila mwezi uone kama kinakata.

Hapa Dodoma kifaa hicho kina umuhimu wa pekee. Ardhi kavu haipitishi umeme vizuri. Nondo ya ethi iliyofukiwa juujuu inaweza kuonekana nzima wakati wa masika, lakini kiangazi kikifika isifae kitu. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA aipime, na aipime wakati wa kiangazi.

Yako pia mambo madogo yasiyohitaji fundi. Waya wa tangi uulegeze ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia ukutani. Ekstensheni isilale chini ya tangi. Pampu ya hewa iwekwe juu ya usawa wa maji, kwa sababu umeme ukikatika, maji huweza kurudi kupitia mpira na kuijaza pampu; umeme ukirudi, hatari imekwisha kuandaliwa. Unapobadilisha maji, zima hita na ungoje robo saa, kwani hita ya moto ikibaki nje ya maji hupasuka.

Sasa turudi kwenye ule ugomvi, maana ndio ulioutia mkono majini.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Ziwani, dume hulinda jiwe lake, na aliyeshindwa hukimbia, mambo yakaisha. Ndani ya kioo aliyeshindwa atakimbilia wapi? Anafika ukutani, anageuka, anakutana na adui yule yule. Mtafiti wa Marekani, Ronald Oldfield, alichapisha mwaka 2011 uchunguzi wake juu ya samaki wa ukoo huo huo wa perege kutoka Amerika ya Kati. Alionyesha kuwa ukali wao ulipungua walipopewa tangi kubwa lenye mahali pengi pa kujificha. Kumbe ukali wa samaki, kwa sehemu kubwa, ni ufinyu wa nyumba tuliyompa.

Basi, usinunue samaki kwa kuvutiwa na rangi tu. Uliza anakua kiasi gani na ana tabia gani. Usiweke madume wawili wa aina moja katika tangi dogo. Panga mawe yenye mapango mengi kuliko idadi ya samaki, na uyaegemeze vizuri yasije yakaangukia kioo au hita. Ukileta mgeni, yapange upya mawe yote, ili kila mmoja aanze kutafuta makao, asiwepo mwenyeji wa kumwonea mwingine. Ukimwona samaki amejibanza pembeni siku nzima, huyo anapigwa. Mtenge mapema, mchana, kwa utulivu.

Na kabla ya kumtenga, chomoa plagi. Usizime swichi tu. Chomoa plagi zote za tangi: ya taa, ya pampu na ya hita. Wafundishe watoto hivyo hivyo, maana wao ndio wenye huruma zaidi na ndio wepesi zaidi wa kutia mkono. Samaki watastahimili dakika chache bila umeme. Moyo wa mtoto hautastahimili umeme dakika moja.

Tumezoea kusema ajali haina kinga. Ndugu msikilizaji, ajali hii kinga yake iko ukutani, nayo ni hatua moja tu kutoka ulipo.