Wimbo na Mtunzi Wake

Leo tumkumbuke Angela Chibalonza, mtunzi na mwimbaji wa nyimbo za Injili. Alizaliwa Kongo, akafanya kazi yake Kenya, na huko huko Kenya alifariki kwa ajali ya barabarani mwezi wa Septemba 2007.

Je, sauti yake ilivukaje mipaka hata ikafika Tanzania? Kwanza, aliimba Kiswahili chepesi. Pili, maneno yake ni machache, nayo hurudiwa. Mmoja huongoza, wengine huitikia. Asiyejua kusoma huushika wimbo sawasawa na msomi. Ninyi mliozoea kasida za maulidi mnaifahamu njia hiyo.

Wimbo wake mmoja huitwa “Ebenezer”. Neno hilo ni la Kiebrania, maana yake jiwe la msaada. Katika Biblia, Samweli alilisimamisha jiwe hilo baada ya vita, ili watu waukumbuke msaada walioupata. Wimbo nao ni jiwe la namna hiyo: mfiwa huliegemea, na mgonjwa pia.

Lakini angalieni: mara nyingi wimbo hubaki, jina la mtunzi likapotea. Basi kikundi chenu kifanye kazi hii. Chagueni wimbo mmoja mnaoupenda, wa dini au wa ngoma. Waulizeni wazee: nani aliutunga, wapi, kwa sababu gani? Andikeni majibu daftarini. Ajuaye akiisha kufariki, mtamwuliza nani?

Kwaherini.