Boga la Karatasi na Usalama wa Rangi Yake

(Mada iliyowasilishwa kwa walimu wa elimu ya awali, wazazi na wajumbe wa kamati za shule)



Wahenga walisema, mti hauendi ila kwa nyenzo. Mtoto wa darasa la awali hajifunzi kuhesabu kwa kusikia tu. Huhitaji kitu cha kushika, kugeuza na kufungua. Boga halisi lafaa, lakini huoza, na mahali pake hasa ni chunguni. Hapo ndipo mwalimu hufaragua boga la bandia kwa karatasi kuukuu.

Kazi yenyewe si ngumu. Puto hupulizwa, kisha huzungushiwa uzi uliokazwa kutoka juu hadi chini ili kupata migongo ya boga. Vipande vya gazeti vilivyochovywa katika gundi ya unga wa ngano hubandikwa juu yake tabaka nne au tano, kila moja ikauke kabla ya nyingine. Chumvi kidogo katika gundi husaidia kuzuia ukungu. Boga likikauka, puto hutobolewa na vipande vyake vyote huokotwa, kwani mtoto akikimeza kimoja huweza kukabwa. Kikonyo husokotwa kwa karatasi, majani hukatwa kwa kadi, na mbegu za karatasi hutiwa ndani kupitia tundu la juu ili zihesabiwe.

Hatari huja wakati wa kupaka rangi. Mara nyingi kinachopatikana bure ni rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka milango na madirisha. Inang'aa na haichuji, lakini huenda ina madini ya risasi. Tena rangi za boga, yaani manjano na chungwa, ni miongoni mwa zile ambazo baadhi ya viwanda huzitengeneza kwa kutumia risasi ili ziwe kali.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na madhara kwa ubongo wake huweza kuwa ya kudumu. Ikumbukwe kwamba mtoto hushika boga, kisha hutia vidole kinywani. Risasi haitambuliki kwa macho wala kwa harufu. Kwa hiyo rangi ya kopo lisilo na maelezo isitumike kabisa.

Njia salama zipo. Tabaka la mwisho laweza kuwa la karatasi za rangi, na rangi ya kopo isihitajike. Manjano mbichi yaliyopondwa na kuchujwa hutoa rangi nzuri, na mkaa huchora mistari. Ikilazimu kununua, ichaguliwe rangi ya maji ya watoto iliyoandikwa kuwa haina risasi. Zana za zamani zilizopakwa rangi isiyojulikana ziondolewe darasani, wala zisikwanguliwe, kwa sababu vumbi lake nalo hudhuru.

Kamati za shule zinaombwa kutenga fedha kidogo kwa ajili ya karatasi na rangi salama. Mwalimu asipowezeshwa, atarudi kwenye kopo la bure, na gharama yake italipwa na mtoto.