Mtu ni Afya: Somo la Kurudia
(Hotuba fupi iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Magogoni, Dar es Salaam)



Nimepewa dakika chache kabla ya chakula, kwa hiyo sitawachelewesha.

Bila shaka mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1973 wananchi wapatao 2,000,000 walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya. Kuhara kunaletwa na nini? Basi tuchimbe vyoo. Malaria je? Tufukie madimbwi. Nguvu ya kampeni ile haikuwa redio peke yake, bali kikundi. Mtu akishaahidi mbele ya majirani kwamba atachimba choo, huona haya kurudi kikaoni bila shimo.

Leo sisi ni wazee, na adui amebadilika. Shinikizo la damu mara nyingi halina homa wala maumivu. Mimi mwenyewe nilipimwa, nikapewa vidonge, nikajisikia mzima, nikaviacha. Niliporudi kupima, ilikuwa 180 kwa 110. Daktari aliniuliza swali moja tu: "Nani alikuambia umepona?" Sikuwa na jibu. Wapo wenzetu ambao hawakuwahi kuulizwa, kiharusi kiliwatangulia.

Elimu tunayo. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika papa mkavu na mchuzi. Tutembee kwa haraka dakika 150 kwa wiki. Anayetoka hapa Feri kwa miguu mpaka Kariakoo, akipitia Mnazi Mmoja, siku tano za wiki, ametimiza. Sigara iachwe kabisa. Presha ikifika 140 kwa 90, tumwone daktari, na vidonge tusivikatishe bila idhini yake.

Kinachotupungukia ni kikundi. Napendekeza kila mmoja wetu, kabla ya kuondoka leo, achague mwenzake. Kila mwezi wapime presha pamoja, waandike katika daftari, waulizane habari za dawa na chumvi. Mkutano ujao, tukishasoma majina ya marehemu, tusome na madaftari hayo.

Mwenzangu nimekwisha kumpata: ni yule niliyekuwa nikinakili hesabu zake darasani. Safari hii kila mtu atafanya hesabu yake mwenyewe.