Dai la Ruzuku Huanzia Dukani

 

Leo sitazungumza juu ya kupanda wala kupalilia. Nataka tuzungumze juu ya namba, risiti na daftari. Najua wapo watakaoguna na kusema, "Haya ni mambo ya maofisini, sisi wenye majembe yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Msinizimie redio. Nisikilizeni kwanza.

Chukua mfano huu. Mama mmoja wa Mlali amelima ekari mbili za mahindi. Mvua imekuja vizuri mwaka huo, mahindi yamefika magotini, na sasa ni wakati wa kutia mbolea ya kukuzia. Anauza mbuzi wake, anaongezea na akiba kidogo, anapata shilingi 140,000. Anapanda bodaboda mpaka dukani.

"Shikamoo mama," anasema wakala.

"Marahaba mwanangu. Nataka mifuko miwili ya Urea. Namba yangu ya ruzuku hii hapa."

Wakala anaiandika namba kwenye simu yake, anatazama, anatikisa kichwa. "Mama, mbona mbolea yako imekwisha kuchukuliwa?"

"Imechukuliwa na nani? Mimi ndiyo kwanza nafika!"

"Huku inaonekana ulichukua mifuko miwili mwezi wa kumi na mbili."

Ndipo mama anakumbuka. Mwezi wa kumi na mbili alipita kijana mmoja akisema anahakiki namba za wakulima. Akamwachia kilo mbili za sukari, akaondoka na namba. Sasa mbuzi amekwenda, nauli imekwenda, na mahindi yanangoja. Kwa bei isiyo na ruzuku, fedha ile itampatia mfuko mmoja tu. Ekari moja itakula, nyingine itatazama.

Mfano huo nimeutunga mimi, lakini kila mmoja wetu anaweza kuingia katika shimo hilo. Basi tuone jinsi ruzuku inavyotembea, ili tujue mahali pa kujilinda.

Ruzuku hii ya mbolea ilizinduliwa siku ya Nane Nane, tarehe 8 Agosti 2022, kule Mbeya. Bei ya mbolea ilikuwa imepanda duniani kote. Mfuko wa Urea wa kilo 50 ulikuwa umepita shilingi 120,000. Serikali ikatangaza kwamba katika msimu ule wa 2022/23 mkulima aliyeandikishwa angelipa shilingi 70,000. Katika msimu wa 2024/25 mbegu za mahindi nazo zikaingizwa katika ruzuku. Bei hubadilika, kwa hiyo kila msimu uliza bei iliyotangazwa kwa mahali pako.

Sasa, zile shilingi 50,000 na zaidi zilizobaki nani anazilipa? Anazilipa Serikali. Lakini hazipitii mkononi mwako. Wewe unalipa sehemu yako dukani na kuondoka na mfuko. Kampuni yenye mbolea ndiyo inayoidai Serikali fedha iliyobaki, na dai hilo linapitia katika mfumo wa kompyuta unaosimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, yaani TFRA.

Je, Serikali itajuaje kwamba mbolea ilimfikia mkulima kweli? Hapo ndipo wewe unapoingia. Wakala anaandika namba yako. Anaipiga kwa simu ile alama ya mraba yenye vidoadoa iliyo kwenye mfuko. Mfumo unatazama kama umeandikishwa, una ekari ngapi, na umekwisha kuchukua kiasi gani. Vikikubaliana, mauzo yanaingia na dai linazaliwa. Kwa hiyo namba yako ni kama saini yako kwenye hundi ya Serikali. Anayeipata anaweza kuchota fedha ya umma kwa jina lako, na wewe ukabaki na jembe na madeni.

Mtu ataniuliza, "Bwana, kwa nini taabu zote hizi? Si wangegawa tu?" Wazee wanakumbuka vocha za karatasi. Kuanzia mwaka 2008 hadi 2014, katika mikoa mingi, wakulima waliochaguliwa walipewa vocha za kulipia nusu ya bei ya mbolea na mbegu. Mkulima alitakiwa kuongeza nusu yake, kuchukua mbolea, kisha kutia saini. Mpango ule uliwasaidia wengi. Lakini palikuwa na mianya. Wapo waliokosa nusu ya kuongeza, wakauza saini zao kwa fedha ya chumvi. Mbolea haikutoka dukani, ila vocha ilikwenda benki ikalipwa. Na baada ya hapo, madai ya mawakala ya msimu wa 2015/16 yalibidi kuhakikiwa kwa muda mrefu. Mawakala waaminifu wakakaa bila kulipwa pamoja na wale wadanganyifu, kwa sababu karatasi hazikuonyesha nani ni nani.

Kompyuta imeziba baadhi ya mianya ile, lakini haina macho ya kumwona mkulima shambani. Inaamini kile ilichoandikiwa. Ikiandikiwa uongo, itaubeba uongo huo mpaka Hazina. Basi hapana budi sisi wenyewe tuwe macho.

Sasa tushike mambo ya kufanya, moja moja.

Jambo la kwanza ni kujiandikisha vizuri. Usingoje mvua. Hapa kwetu mvua huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, kwa hiyo mambo haya yamalizike mapema, wakati bado tunasafisha mashamba. Nenda kwa mtendaji wa kijiji au kwa afisa ugani. Chukua kitambulisho chako na simu yako mwenyewe. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Ukiandikwa Amosi huku, na Amosi Mazengo kule, utaleta utata bure. Kama ulikwisha kuandikishwa zamani, nenda ukahakikishe taarifa zako, hasa kama umebadilisha namba ya simu au umeongeza shamba. Usitumie simu ya mtoto aliyeko Dodoma mjini. Ujumbe utakwenda kwake na wewe hutajua kitu.

Ekari zitajwe kwa kweli. Wengi wetu tunakadiria kwa macho tu. Pima kwa hatua: hatua 70 ndefu za mtu mzima kwa hatua 70 ni kama ekari moja. Hatua 70 kwa 140 ni ekari mbili. Ukitaja pungufu, utapimiwa mbolea pungufu. Ukitaja zaidi, umeanza kudai kisicho chako, na siku ya uhakiki utaulizwa shamba liko wapi.

Jambo la pili ni dukani. Nenda mwenyewe. Kama wewe ni mzee au mgonjwa, mtume mtu wa nyumbani kwako unayemwamini, na umweleze mtendaji au afisa ugani kwamba umemtuma. Simama hapo hapo wakati wakala anapoandika. Muulize, "Umeandika mifuko mingapi, mwanangu?" Kuuliza si ugomvi. Kama umenunua mmoja, uandikwe mmoja. Kama ujumbe umekuja kwenye simu, usome kabla hujaondoka, na kama hujui kusoma, msomeshe mtu mwingine asiyehusika na duka. Kagua mfuko: je, mshono ni wa kiwandani? Uzito umetimia? Kisha dai risiti. Risiti ionyeshe tarehe, aina ya mbolea, mifuko na fedha uliyolipa. Hapo risiti na mfumo vinasema jambo moja.

Jambo la tatu ni siku mtandao ukikatika. Hili ni la kweli huku kwetu, tena hutokea siku watu wamejaa. Wakala mwema atakuambia usubiri. Mwingine atakuambia, "Niachie namba na fedha, mtandao ukirudi nitakuingizia, utakuja kuchukua kesho." Ndugu yangu, usiache vyote viwili ukarudi mikono mitupu. Kama huwezi kusubiri, rudi na fedha yako. Najua nauli inauma. Ndiyo maana nasema kwenda mapema, tena kwenda wengi kwa gari moja na kuchangia nauli, ni afadhali kuliko kila mtu kukimbilia dukani siku mahindi yanapoanza kugeuka manjano.

Jambo la nne ni kutouza namba. Wapo wanaosema, "Mimi mwaka huu natumia samadi, mbolea hii siihitaji, acha nimpe fulani." Samadi ni kitu kizuri, itumie. Lakini ukimpa mfanyabiashara namba yako, mfuko wa ruzuku unatoka hapa na kuuzwa pengine kwa bei kubwa, na aliyelipia tofauti ni mwananchi mwenzako. Na jina litakaloonekana ni lako.

Ukigundua kwamba mbolea imechukuliwa kwa namba yako, usiishie kulalamika kilabuni. Nenda siku hiyo hiyo kwa mtendaji na kwa afisa ugani, na chukua kitambulisho, simu na risiti zako za nyuma. Eleza duka, tarehe na kiasi kilichoonekana. Malalamiko yakiandikwa yanaweza kupelekwa wilayani na TFRA. Malalamiko ya mdomo hupotea na upepo.

Sasa niseme kidogo juu ya vikundi, maana na huko mambo ni yale yale. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarejeshwa Julai 2024, na vikundi huomba kupitia mfumo wa kompyuta kwa msaada wa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kupata fedha ni mwanzo. Baadaye mtaulizwa imetumikaje.

Tuseme kikundi cha akina mama kimepata shilingi 1,000,000 kwa ajili ya ekari 8 za alizeti. Trekta kwa shilingi 50,000 kila ekari ni 400,000. Mbegu 260,000. Vibarua wa kupalilia kwa 30,000 kila ekari ni 240,000. Magunia na usafiri 100,000. Jumla ni 1,000,000 kamili. Mwenye trekta alitoa risiti, duka la mbegu pia, na mwenye gari pia. Lakini vibarua hawana risiti. Siku ya kukaguliwa, shilingi 240,000 hazina mwenyewe. Kesho yake utasikia kijijini kwamba mhazini amezila, na huenda hakula hata senti tano.

Dawa yake ni ndogo. Siku ile ile ya kulipa vibarua, chukueni karatasi, pigeni mistari. Andikeni tarehe, jina la kibarua, kazi, ekari, fedha aliyopata, kisha atie saini au dole gumba. Mwenyekiti atie saini, na mwanachama mmoja asiye kiongozi atie saini ya shahidi. Msingoje mwisho wa msimu. Mwisho wa msimu vibarua wameshahama na nyinyi mmeshasahau.

Na jambo hili si la wanyonge tu. Hapa hapa Kongwa, mwaka 1947, Waingereza walianzisha shamba kubwa la karanga. Walikusudia kulima ekari 150,000 katika mwaka wa kwanza, wakapanda kama 7,500 tu. Ardhi ilikauka kama saruji, mvua ikawaacha, matrekta yakafa. Lakini zaidi ya hayo, mwaka 1949 wakaguzi wa hesabu walisema wazi kwamba vitabu havikuwekwa ipasavyo. Fedha ilikuwa inakwenda, na wakubwa wenyewe hawakuweza kuonyesha vizuri ilikokwenda. Januari 1951 mpango ukatangazwa kuachwa, na zaidi ya paundi milioni 36 zikawa zimepotea. Walikuwa na makarani na ofisi. Sisi tuna daftari la shilingi mia chache, na tukilitumia kila siku linatosha.

Basi kwa kumalizia, ndugu wakulima, wiki hii fanyeni mambo matatu. Tafuteni namba yenu na kitambulisho, mvione vinakubaliana. Pimeni mashamba kwa hatua. Na nunueni daftari moja la nyumbani, ukurasa wa kwanza muandike: tarehe, kitu, duka, fedha. Mama asiyejua kuandika ana mjukuu anayesoma darasa la nne. Mwiteni jioni aandike, na risiti zitiwe ndani ya daftari, mbali na panya na mvua.

Nawatakia maandalizi mema ya msimu. Kwaherini.