Springi za Upepo katika Pikapu kwa Njia za Bukoba na Muleba



Aliyepata kuteremka na pikapu ya ndizi kutoka Kamachumu wakati wa masika, udongo mwekundu ukiwa umelowa na kuteleza kama sabuni, anaijua vyema taabu ninayokusudia kuizungumza: gari ile ile iliyopanda asubuhi ikiwa tupu, ikirukaruka juu ya kila jiwe, ndiyo inayorudi jioni imekaa kitako, taa zake zikimulika majani ya migomba badala ya njia. Springi za vyuma vilivyopangwa tabaka, ambazo aghalabu ndizo zilizo nyuma ya pikapu zetu, zikifaa kwa mzigo hutesa gari tupu, na zikifaa kwa gari tupu hulemewa na mzigo.

Hewa haina tabia hiyo. Robert Boyle alikwisha kubainisha mwaka 1662 kwamba hewa ikibanwa ndani ya nafasi ndogo, msukumo wake huzidi kwa kadiri ile ile ilivyobanwa. Basi mfuko wa mpira uliowekwa baina ya chesi na ekseli, ukatiwa upepo kidogo gari likiwa tupu na mwingi likipakiwa, humpa dereva springi inayofuata mzigo. Maarifa haya si mageni: Cadillac walikwisha kuyatia katika gari la anasa mwaka 1957, na abiria wa mabasi makubwa husikia upepo huo ukipumua kituoni.

Walakini, ndugu zangu, liko jambo linalowadanganya wengi, nalo ni lile neno la kuinua gari. Ukijaza mifuko, kinachoinuka ni bodi, chesi na bampa. Difu ya nyuma imeshikamana na ekseli, nayo hubaki pale pale, kwa hiyo jiwe lililokuwa liipige litaipiga vile vile. Kinachoinua difu ni tairi refu, wala si upepo wa springi. Aidha, gari lililoinuliwa hadi kikomo halina tena nafasi ya kushusha gurudumu shimoni: gurudumu huning'inia hewani likizunguka bure, na uzito wote umepanda juu, jambo la hatari kubwa mahali njia inapoinamia korongo na mikungu imepangwa kupita kimo cha bodi. Inua unapokikaribia kikwazo, vuka polepole, kisha rudisha kimo cha wastani.

Kila upande sharti uwe na mpira wake wa kupitishia upepo. Mifuko miwili ikilishwa na mpira mmoja, hewa ya upande uliolemewa hukimbilia wa pili, na gari huzidi kulala konani.

Lakini madhara makubwa kupita yote ni ya chesi. Springi ya chuma huibeba chesi kwa ncha mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko huielemea mahali pamoja tu, juu ya ekseli. Mzigo ukichomoza nyuma sana, na dereva akajaza upepo ili gari lisimame sawasawa, chesi huweza kupinda nyuma ya kibanda. Gari linaonekana halikulemewa, kumbe limelemewa.

Mimi mwenyewe nilikwama baina ya Rubya na Nshamba, nyuma kumelala upande mmoja. Tulipaka maji ya sabuni, yakatoka mapovu madogo katika kunjo la mfuko: tope lililokaukia humo, lenye changarawe, lilikuwa limeusugua mpira kama msasa hata ukatoboka tundu la sindano. Ilitubidi kushusha nusu ya mikungu kando ya njia, chini ya mvua. Tangu siku hiyo huosha makunjo kila nirudipo, na gari tupu siliachi bila upepo kabisa. Mifuko mingi ya kusaidia springi hutakiwa isipungue paundi 5 kwa inchi ya mraba, wala isizidi 100.

Nanyi mafundi, nawasihi: kabla ya kufunga mifuko hii, someni uzito wa mwisho aliouweka mtengenezaji wa gari, kwani upepo hauongezi hata kilo moja juu yake, na mwenye gari akitaka mifuko ili apakie kupita hapo, ikataeni kazi hiyo.