Marimba, Jukwaa na Lugha ya Nyumbani
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa familia, Columbia Heights, Washington)



Kamati ya Maandalizi imenitaka nizungumze juu ya sherehe za urithi wa Walatino zinazofanywa kila mwaka katika vyuo vikuu vya jiji hili. Huenda baadhi yenu mkajiuliza, sisi watu wa Dodoma yatuhusu nini? Yatuhusu, hasa leo, kwa kuwa mezani ipo hoja ya kufuta igizo na ngonjera za Kiswahili katika mikutano ijayo kwa sababu watoto hawaelewi.

Mtaa huu wenyewe ulipata jina kutokana na chuo. Chuo cha Columbian, kilichopewa hati na Bunge la Marekani mwaka 1821, kilisimama kilimani hapa. Baadaye kilihamia katikati ya jiji, na tangu 1904 kinaitwa Chuo Kikuu cha George Washington. Mwaka huo huo wa 1821, tarehe 15 Septemba, Guatemala, El Salvador na jirani zao walijitangazia uhuru kutoka Hispania. Ndiyo sababu mwezi wa urithi wa Walatino, ulioanza kama wiki moja mwaka 1968 na kuwa mwezi kamili mwaka 1988, huanza tarehe 15 Septemba na kwisha tarehe 15 Oktoba. Sisi tuliozeekea katika majalada ya serikali tungependa mwezi uanze tarehe mosi, lakini hatukuulizwa.

Katika siku hizo wanafunzi hucheza ngoma za kwao, husoma mashairi na huigiza. Kwa kuwa nimestaafu na nafasi ninayo, nimehudhuria mara kadhaa. Jioni moja vijana wenye asili ya Guatemala waliingiza jukwaani marimba kubwa ya mbao, wakaipiga watu watatu bega kwa bega. Kijana aliyeketi karibu nami alinieleza kwa adabu kwamba hiyo ndiyo ala ya taifa lao. Nikamjibu, "Mwanangu, jina hilo ni la kwetu." Akacheka, akidhani natania. Neno marimba ni la Kibantu. Lilivuka bahari pamoja na Waafrika waliochukuliwa utumwani. Kwetu Ugogo marimba ni ile ala ya vyuma ipigwayo kwa vidole gumba, ambayo marehemu Hukwe Zawose, aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, aliifikisha hadi majukwaa ya Ulaya. Ala mbili, jina moja. Watu walionyang'anywa kila kitu walilishika neno hilo kwa kulipiga na kulicheza; hakuna aliyewaandikia kamusi.

Lakini vyuo havifanyi kazi hii peke yake. Nendeni hapo pembeni, barabara ya 14, mkaangalie jumba la Tivoli. Lilifunguliwa mwaka 1924 kuwa sinema. Ghasia zilizofuata kuuawa kwa Martin Luther King, Aprili 1968, ziliunguza maduka mengi ya barabara hiyo, na mwaka 1976 Tivoli ikafungwa. Mwaka huo huo Hugo Medrano, mzaliwa wa Argentina, na mkewe Rebecca, walianzisha GALA, kikundi cha maigizo ya Kihispania. Nilipofika hapa mwaka 1998, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, Tivoli ilikuwa gofu. Mwaka 2005 GALA wakaingia humo, nao wapo hadi leo. Huigiza kwa Kihispania, na juu ya jukwaa huonyeshwa maandishi ya Kiingereza. Asiyejua lugha husoma, anayeijua hustarehe. Mgeni hakufukuzwa, wala mwenyeji hakuambiwa anyamaze.

Sasa narudi kwenye hoja. Walioitoa hawana nia mbaya. Igizo la mkutano uliopita lilizidi saa moja na nusu, na watoto walitoka ukumbini mmoja mmoja kama wanaokwenda kunywa maji. Mjukuu wangu mmoja, alipokuwa mdogo, alidhani Shikamoo ndilo jina langu. Hali naijua. Hata hivyo, tukihamia Kiingereza kitupu, wapo mabibi wawili humu ukumbini, mnawaona safu ya mbele, waliosafiri kutoka nyumbani ili wakae kati ya wajukuu wao. Hao ndio watakaotoka kunywa maji. Na wao, kwa umri wao, sidhani kama watarudi mara nyingi.

Kwa hiyo napendekeza igizo libaki la Kiswahili, lisizidi dakika thelathini, na maneno yake yaonyeshwe ukutani kwa Kiingereza kwa projekta. Tafsiri ifanywe na vijana wenyewe, kila mmoja akiketi na mzee mmoja, kuanzia mwezi wa tatu kabla ya mkutano. Kompyuta wanaijua wao, maneno tunayajua sisi. Gharama ya projekta nimeiulizia, nami niko tayari kuchangia nusu yake.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.