Pipa Hili Lina Jina Gani?

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu, mafundi na watunza bohari wa vyama wanachama)



Kazi ya mkaguzi mnaijua. Hufungua leja, huhesabu magunia, kisha hulinganisha hati na mali iliyomo bohari. Wahenga waliuweka msingi wa kazi hiyo waliposema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Leo nimeombwa nizungumze juu ya kitu kingine kinachoweza kupotea bila habari, nacho ni afya ya ini la mfanyakazi.

Katika gereji zetu, katika viwanda vya kuchambua pamba na penginepo penye mitambo, hutumika vimiminika vya kuondolea grisi, rangi na wino. Mafundi huviita thina au dawa ya kusafishia. Wataalamu huviita viyeyushi. Kwa macho vingi hufanana: ni maji maangavu yenye harufu kali. Kwa tabia havifanani hata kidogo. Kimoja huweza kukausha ngozi na kuleta kizunguzungu, na kingine kikadhuru ini au figo. Basi mtu asiyejua jina la kilichomo ndani ya pipa hajui analolivuta kifuani mwake.

Nitatoa mfano mmoja uliothibitishwa, nao ni wa Osaka, Japani. Katika kiwanda kimoja cha kupiga chapa palikuwa na idara ya kuchapa nakala za majaribio. Karatasi chache huchapwa ili mteja aone rangi, kisha wino hufutwa na kazi nyingine huanza. Kwa sababu hiyo wino ulifutwa mara mamia kwa siku, kwa vitambaa vilivyoloweshwa kiyeyushi. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2006, kiyeyushi kikuu kilikuwa kemikali iitwayo daikloropropani. Kwa muda fulani ilitumika pia daikloromethani. Chumba hakikuwa na hewa ya kutosha, wala wafanyakazi hawakuwa na vifaa vya kuchuja mvuke.

Baadaye wafanyakazi wa idara hiyo walianza kupatwa na saratani ya mirija ya nyongo, ambayo huweza kuanzia ndani ya ini lenyewe. Kwa kawaida ugonjwa huo huwapata wazee. Hapa waliougua walikuwa wanaume wenye umri wa miaka 25 hadi 45. Habari hizo zilitangazwa mwaka 2012, baada ya mtaalamu wa afya ya kazini, Shinji Kumagai, kuzichunguza. Katika taarifa yake ya kwanza, kati ya wanaume 62 waliowahi kufanya kazi hiyo, 11 walikuwa wameugua. Hesabu ya kiwanda hicho ilifikia 17.

Ndugu zangu, zingatieni jambo moja. Wakati ilipotumika, daikloropropani haikuwamo katika orodha ya kemikali zilizodhibitiwa na kanuni za Japani kuhusu viyeyushi. Udhibiti huo ulikuja mwaka 2013, mwaka ambao serikali ilikubali kwamba ugonjwa ule ulitokana na kazi. Mwaka 2014 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kemikali hiyo katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu. Kumbe kutokatazwa si ushahidi wa usalama. Orodha ya makatazo huandikwa baada ya watu kuugua.

Kwa nini jambo hilo lilichelewa kujulikana? Saratani haitokei siku ya pili. Kwa baadhi ya wagonjwa wa Osaka miaka ipatayo 20 ilipita tangu waanze kazi. Katika muda huo mtu huacha kazi, huhama, huugua mbali, na daktari wake humwona yeye peke yake. Ukweli hudhihirika pale tu majina yanapokusanywa pamoja. Ndivyo ilivyokuwa pia Louisville, Marekani, mwaka 1974, daktari wa kiwanda cha plastiki alipotambua kwamba aina ya saratani ya ini iliyo nadra sana imewapata wafanyakazi kadhaa wa kiwanda kimoja. Gesi waliyoishughulikia, vinili kloridi, ilikuwa imeruhusiwa hadi sehemu 500 katika sehemu milioni za hewa. Baada ya hapo kiwango kilishushwa hadi sehemu 1.

Kwetu sisi kuna ugumu zaidi. Saratani ya ini katika nchi zetu hutokana kwa kiasi kikubwa na virusi vya homa ya ini, na sumu ya kuvu katika mahindi na karanga; pombe nayo imo. Kwa hiyo mfanyakazi akiugua, hayo ndiyo yatakayofikiriwa kwanza, na ni haki yafikiriwe. Lakini hakuna atakayefikiria pipa la gereji ikiwa mgonjwa mwenyewe hawezi kutaja lililokuwamo. Tanzania inayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inayohusu pia magonjwa yatokanayo na kazi. Anayedai fidia hana budi kuonyesha kwamba ugonjwa wake umetokana na kazi. Ataonyesha kwa kitu gani, ikiwa chama hakikuandika?

Kwa hiyo napendekeza haya. Kwanza, mtunza bohari asipokee pipa lisilo na jina la kemikali na maelezo ya usalama, wala kimiminika hicho kisimiminwe katika chupa za soda. Pili, panapotosha sabuni na maji, kiyeyushi kisitumike. Na kamwe kisitumike kunawia mikono. Tatu, kazi ifanyike mahali penye hewa ipitayo. Mvuke wa viyeyushi vingi ni mzito kuliko hewa, nao hutulia chini. Basi shimo la kukagulia magari ni mahali pabaya kabisa pa kuoshea vyuma. Nne, kitambaa puani huzuia vumbi tu. Mvuke huhitaji kinyago chenye kichujio cha mkaa maalumu, nacho hubadilishwa kwa wakati.

Tano, na hili ndilo lililonileta, kila chama kifungue daftari la viyeyushi: jina la kemikali, tarehe, lita zilizotolewa, mahali zilipotumika, na jina la kila aliyezitumia. Leja zetu za sasa huonyesha kwamba lita 20 zilitoka bohari. Hazionyeshi ziliingia katika pumzi ya nani. Daftari hili lisiteketezwe pamoja na hati za zamani, maana ugonjwa huweza kuja miongo miwili baadaye. Mfanyakazi anapoacha kazi apewe nakala ya kurasa zinazomhusu.

Najua baadhi yenu mtasema chama ni maskini. Mitambo ya kuvuta mvuke ni ghali, nakubali, na Bodi zitapanga kadiri ya uwezo. Lakini daftari na kalamu hakuna chama kisichoweza kununua. Ushirika ulianzishwa ili jasho la mnyonge lihesabiwe kwa haki kwenye mizani. Haifai basi tuhesabu kilo zake kwa uangalifu, na tuiache pumzi yake bila hesabu.

Nitakapofika kwenu kwa ukaguzi ujao, nikiisha kuona leja ya bohari, nitaomba kuliona daftari hilo.